Mwizi Aliye Ndani ya Paipu: Kwa Nini Maji Hukosa Utulivu

Somo la toleo hili limetokana na swali ambalo kamati za maji zimetuuliza zaidi ya mara moja. Swali lenyewe huja hivi: tangi limejaa, paipu haijapasuka popote, mbona maji yanayofika kwenye kioski ni kidogo kuliko tulivyotarajia? Na kwa kawaida swali hilo haliji peke yake, huja na jina la mtu. Ati fundi alinunua paipu hafifu akatia baki mfukoni. Ati jirani wa kule juu hufungua usiku. Ati mwekahazina anajua zaidi ya anavyosema. Wizi wa maji upo, hatuwezi kusema haupo. Lakini tumeona kikundi kikigawanyika, watu wa kanisa moja wakaacha kusalimiana, kwa ajili ya maji ambayo hayakuibwa na mtu yeyote. Mwizi alikuwa ni mwendo wa maji yenyewe, na mwizi huyo anajulikana tangu mwaka 1883.

Kwa hivyo leo tujifunze juu ya mwendo wa maji: kwa nini huenda kwa utulivu mpaka pahali fulani kisha ukavurugika, na hesabu inasema nini juu ya jambo hilo. Asiyependa hesabu asikimbie. Tutatumia kuzidisha na kugawanya, na pahali pawili tutatumia mambo ya mkopo na akiba, ambayo wanachama wetu wanayajua kuliko walimu wengi.

Maji yana tabia mbili

Fungua mfereji pole pole, kidogo tu. Maji hutoka kama kijiti cha kioo, laini, bila kelele, hata mtu anaweza kudhani yamesimama. Ongeza kidogo kidogo. Ghafla kile kioo kinaharibika: maji yanapata mikunjo, yanatoa sauti, yanaruka huku na huku. Na wewe hukuongeza kitu kingine ila mwendo. Moshi wa ubani nao hufanya hivyo siku isiyo na upepo. Hupanda wima kama uzi, halafu juu kidogo huanza kujipinda, kisha hutawanyika ovyo, na hakuna aliyeugusa.

Tabia ya kwanza tutaiita mtiririko shwari. Hapo maji huenda kwa matabaka, kila tabaka likiteleza kando ya mwenzake, lile la katikati ya paipu likikimbia na lile linalogusa ukuta likiwa limesimama kabisa. Tabia ya pili tutaiita msukosuko. Humo maji yanazunguka, yanagongana, mengine hata yanarudi nyuma, ingawa kwa jumla yanaendelea mbele. Ni tofauti ya watoto wanaotoka darasani kwa mstari, na watoto hao hao kengele ya kwenda nyumbani ikilia.

Aliyelichunguza jambo hili kwa makini ni Osborne Reynolds, mzaliwa wa Belfast, aliyekuwa profesa wa uhandisi mjini Manchester, Uingereza. Alitengeneza tangi lenye kuta za kioo, akaweka ndani yake paipu ya kioo iliyopanuka mdomoni kama tarumbeta, na katikati ya mdomo huo akaingiza uzi mwembamba wa rangi. Maji yakienda pole pole, uzi wa rangi ulinyooka tangu mwanzo wa paipu hadi mwisho. Alipoongeza mwendo, pahali fulani mbele rangi ilichanganyika ghafla ikajaza paipu nzima. Kwa macho ilikuwa ni kama ukungu tu. Lakini alipoimulika kwa cheche ya umeme, ambayo huwaka kwa muda mfupi mno, aliona kwamba ukungu ule ulikuwa ni viringo vingi vidogo, kimoja kimoja. Ripoti yake ilitoka 1883, na kifaa chenyewe kimehifadhiwa Manchester hadi leo.

Nambari moja inayoamua

Reynolds hakumbukwi kwa sababu ya rangi. Anakumbukwa kwa sababu alipojaribu paipu nyembamba na nene, maji baridi na yenye joto, aligundua kwamba haiamui kasi peke yake, wala upana peke yake. Kinachoamua ni mashindano ya nguvu mbili.

Nguvu ya kwanza ni msukumo wa maji yaliyokwisha kushika mwendo. Fikiria matatu iliyojaa watu: ikishakimbia haikati kona wala haisimami kirahisi. Nguvu ya pili ni kunata kwa maji, ambako vitabuni huitwa mnato. Asali ina mnato mwingi, mafuta ya kupikia yana mnato wa kadiri, maji yana kidogo. Mnato huyashika matabaka yaliyo jirani na kuyalazimisha yaende pamoja. Tabaka likitaka kutoka mstarini linarudishwa. Mnato ndiye mwalimu wa zamu.

Ukigawanya nguvu ya kwanza kwa ile ya pili unapata nambari isiyo mita wala kilo, nambari tupu. Inaitwa nambari ya Reynolds. Kwa maji ya nyuzi 20 kuna njia rahisi ya kuipata: chukua mwendo wa maji kwa milimita kwa sekunde, uzidishe kwa kipenyo cha ndani cha paipu kwa milimita. Jibu ndilo nambari yenyewe. (Kwa maji ya moto njia hii haifai, maana yakifika nyuzi 60 mnato wake hushuka chini ya nusu. Bahati nzuri kioski hakiuzi maji ya moto.) Nambari ikiwa chini ya 2,000 msukosuko haudumu. Hata ukiyavuruga maji kwa makusudi, mbele kidogo yatatulia. Ikipita hapo msukosuko unaweza kudumu, na ikipita 4,000 katika paipu ya kawaida yenye viungo na kona, karibu kila mara upo.

Tupime basi. Paipu ya inchi moja ina kipenyo cha milimita 25 hivi. 2,000 gawanya kwa 25 ni 80. Yaani maji yakienda milimita 80 kwa sekunde, ambazo ni sentimita 8 tu, tayari yamefika mpakani. Kwa mwendo huo mtungi wa lita 20 hujaa kwa dakika nane na nusu. Ni mama gani atangoja dakika nane na nusu kwa mtungi mmoja, na foleni nyuma yake? Kwa hivyo paipu za miradi yetu, zikifunguliwa, karibu zote zina msukosuko ndani yake.

Mwizi huchukua kiasi gani

Hapa ndipo penye pesa, kwa hivyo tukae kidogo.

Tuseme tangi liko mita 10 juu ya kioski, na katikati kuna paipu laini ya inchi moja yenye urefu wa mita 400. Kama maji yangekubali kwenda kwa utulivu, tungeweza kutumia kanuni ambayo Hagen, Mjerumani, aliipata 1839, na Poiseuille, daktari Mfaransa aliyetaka kuelewa mwendo wa damu katika mishipa myembamba, akaipata kwa njia yake katika miaka ya 1840. Kanuni hiyo inasema paipu hiyo ingetoa karibu lita 140 kwa dakika. Hiyo ni mitungi saba. Lakini maji hayakubali. Nambari ya Reynolds kwa kasi hiyo ingepita mpaka mara nyingi mno. Kwa kweli paipu hiyo hutoa lita 20 hivi kwa dakika, yaani mtungi mmoja.

Mitungi sita imekwenda wapi? Haikumwagika. Maji yake bado yako tangini. Kilichopotea ni nguvu ya kuyasukuma. Ile nguvu ya kuteremka mita 10 imetumika kuzungusha viringo vile vidogo, kila kimoja kikavunjika kuwa vidogo zaidi, mpaka mnato ukavimaliza na kuvigeuza kuwa joto dogo ambalo mkono hauwezi kulisikia. Hata ukichimbua paipu yote hutaona tone la ushahidi.

Sasa familia zimeongezeka na kamati inataka mitungi miwili kwa dakika. Wengi hufikiri: tukitaka maji mara mbili, tuinue tangi mara mbili, kutoka mita 10 hadi 20. Katika mtiririko shwari wangekuwa sawa kabisa. Katika msukosuko si hivyo. Ukizidisha mwendo mara mbili, upotevu huzidi mara tatu na zaidi, na paipu ikiwa na ukuta wa kukwaruza hukaribia mara nne. Kwa paipu yetu ile laini tangi lingehitaji kuwa mita 35 hivi juu ya kioski. Mnara wa namna hiyo hakuna harambee itakayoujenga. Na kikundi kinachotumia michango ya mwaka mzima kuinua tangi kwa mita 2 kitapata karibu asilimia 10 tu zaidi, lita 22 badala ya 20. Hapo ndipo majina ya watu huanza kutajwa.

Upana wa paipu ni habari nyingine. Ukiacha tangi pale pale na kuweka paipu ya inchi moja na nusu, maji yanakaribia kuwa mara tatu. Paipu mbili za inchi moja zikilazwa sambamba hutoa mara mbili tu. Kwa hivyo kabla ya kulinganisha bei kwa mita, linganisheni bei kwa mtungi unaofika. Na mtu akija na paipu ya bei nafuu, mwulizeni kipenyo cha ndani, si jina la paipu. Ukiipunguza paipu iwe nusu ya upana na bado ukataka maji yale yale, upotevu unazidi karibu mara 30.

Mtikisiko mdogo unavyokua

Turudi kwa swali lenyewe. Kwa nini maji yaliyokuwa shwari yavurugike?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hakuna mtiririko usiotikiswa. Chembe ya mchanga, kiungo kisicholainishwa, ng'ombe akipita juu ya mtaro, vyote hutikisa maji kidogo. Swali basi si kama mtikisiko utakuja. Swali ni kama maji yatausahau au yataukuza.

Tuone jinsi unavyoweza kukua. Chukua matabaka mawili, la juu likikimbia kuliko la chini, na mpaka wao uinuke kidogo pahali pamoja kama kichuguu. Maji ya juu yakifika hapo hupata njia iliyobanwa, kwa hivyo lazima yakaze mwendo, kama mto unavyokaza ukipita kati ya mawe mawili. Na yanapokaza mwendo, msukumo wake wa pembeni hupungua. Jaribu kwa karatasi mbili: zishike zikining'inia, zikiachana upana wa vidole viwili, upulize katikati. Badala ya kutengana zitakaribiana. Basi juu ya kichuguu msukumo umepungua, nacho kinavutwa juu zaidi. Kikiwa kirefu zaidi njia inabanwa zaidi, mwendo unakazwa zaidi, kinavutwa tena. Mwishowe kinajikunja na kuanguka kama wimbi la bahari. Helmholtz wa Ujerumani alieleza jambo hili 1868, na Kelvin akalipigia hesabu 1871. Mara nyingine hata mawingu hujipanga angani kwa safu ya mawimbi yanayojikunja. Ni matabaka mawili ya upepo yakifanya hivyo hivyo.

Mnato huenda kinyume. Huo huvuta kichuguu kirudi chini. Kwa hivyo kila mtikisiko una pande mbili zinazovutana, na hesabu ndiyo inayotuambia nani atashinda.

Milinganyo ya mwendo wa maji iliandikwa na Navier, mhandisi Mfaransa, mwaka 1822, na Stokes akaiweka sawa huko Uingereza 1845. Ni migumu, kwa sababu ndani yake mwendo unazidishwa kwa mwendo. Lakini kuna ujanja. Tunachukua mtiririko shwari na kuongeza mtikisiko mdogo, tuseme sehemu moja kwa 1,000. Pahali ambapo mtikisiko unazidishwa kwa wenyewe tunapata sehemu moja kwa 1,000,000, ndogo mno, tunaitupa. Milinganyo inayobaki ni rahisi, na jibu lake linafanana na riba: kila mtikisiko ama unaongezeka kwa asilimia fulani kila kipindi, ama unapungua.

Wanachama wa vikundi vya mikopo wanajua maana yake. Shilingi moja ikiongezeka kwa asilimia 5 kila mwezi, riba juu ya riba, baada ya miezi 100 inakuwa shilingi 131. Ikipungua kwa asilimia 5 kila mwezi, baada ya miezi 100 haifiki senti moja. Mwanzo wao ni mmoja. Kinachowatenganisha ni alama ya kujumlisha au ya kutoa. Mwanahesabu basi hupima mitikisiko yote, ya mawimbi marefu na mafupi, na akipata hata mmoja wenye alama ya kujumlisha, mtiririko huo hauwezi kudumu.

Njia hii imefaulu pahali pengi. Rayleigh aliitumia 1916 kuhesabu ni wakati gani maji yanayopashwa moto kutoka chini yataanza kupanda na kushuka kwa mafungu. Taylor aliitumia 1923 kwa maji yaliyo kati ya mapipa mawili, moja ndani ya jingine, la ndani likizunguka, na vipimo vyake vikakubaliana na hesabu kwa namna iliyowashangaza watu.

Paipu ikawashinda

Lakini paipu ya kawaida, ile iliyo chini ya shamba lako, iliwakatalia. Kila mtikisiko mdogo waliopima ndani ya paipu ya duara ulikuja na alama ya kutoa. Kwa nambari 2,000 alama ya kutoa, kwa 10,000 ya kutoa, na hata wakipandisha zaidi ni ya kutoa tu. Hesabu inasema paipu haina sababu ya kuvurugika kamwe, na fundi anasikia ikinguruma!

Si kwamba waliojaribu walikuwa watu wadogo. Werner Heisenberg, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel kwa mambo ya atomu, aliandika tasnifu yake ya udaktari mjini Munich mwaka 1923 juu ya utulivu wa maji kati ya kuta mbili, jambo lililo jirani na hili. Jibu lake lilitiliwa shaka kwa miaka mingi, na lilithibitika vizuri 1953 kompyuta ilipoanza kusaidia. Hata hivyo nambari ambayo hesabu hiyo ilitoa ni kubwa kuliko ile ambayo maji ya kweli kati ya kuta mbili huanza kuvurugika.

Dokezo lilikuwa kwa Reynolds mwenyewe. Alipoyaacha maji yatulie kabisa tangini kabla ya kuyafungulia, aliweza kufika zaidi ya 12,000 kabla rangi haijachanganyika. Karibu miaka mia moja baadaye wengine walitumia kifaa chake hicho hicho wakashindwa kufika huko, kwa sababu magari ya barabarani yalikuwa yakitikisa jengo. Nao waliotengeneza paipu laini sana wakafunga kila mtikisiko walifika 100,000 maji yakiwa bado shwari. Maana yake ni kwamba hesabu haikudanganya. Ilijibu swali la mtikisiko mdogo mno, na paipu zetu hazitikiswi kidogo namna hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa Manchester walipima ni kiasi gani cha kuyasukuma maji kinatosha kuyavuruga, wakaona kwamba nambari ya Reynolds ikizidi mara mbili, kisukumo kinachohitajika hupungua kwa nusu. Kwa paipu ya mradi, kisukumo hicho kidogo hakikosekani.

Bado kuna fumbo moja. Kama kila mtikisiko unapungua, ule mdogo unapataje kuwa mkubwa hata kidogo? Jibu lilielezwa vizuri 1993 na Trefethen na wenzake huko Marekani, nasi tutalieleza kwa kitabu cha akiba.

Mtu ana akiba ya shilingi 100,000 na deni la shilingi 99,000. Ukimtazama, mali yake ni shilingi 1,000 tu. Sasa akiba yake inapungua kwa asilimia 2 kila mwezi, na deni linapungua kwa asilimia 20. Vyote viwili vinapungua, sivyo? Baada ya miezi 10 akiba imebaki 81,700 hivi, na deni limebaki 10,600 hivi. Mali yake ni zaidi ya shilingi 71,000! Imezidi mara 71 wakati hakuna kitu hata kimoja kilichoongezeka. Ukingoja miaka 25 atabaki na chini ya shilingi 250, kwa hivyo mwishowe kila kitu kinakufa kama hesabu ya kwanza ilivyosema. Lakini katikati alikuwa tajiri.

Ndivyo ilivyo ndani ya paipu. Mitikisiko miwili inayofichana huanza ikionekana si kitu. Mmoja unakufa upesi, mwenzake anabaki wazi, na kwa muda maji yanatikisika mara nyingi kuliko mwanzo. Kabla haujafa umekwisha kuwa mkubwa, na sasa ile sehemu tuliyoitupa, ya mtikisiko kuzidishwa kwa wenyewe, si ndogo tena. Inaingia kazini na kuzaa mitikisiko mingine.

Karibu na nambari 2,000 msukosuko huja kwa mafungu, fungu hapa, fungu kule, katikati maji yakiwa shwari. Kila fungu ama linakufa ama linagawanyika kuwa mawili. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Ulaya walipima mambo haya kwa uvumilivu mkubwa, wakapata kwamba kuzaa na kufa hulingana karibu na 2,040. Ni hesabu ya ugonjwa wa kuambukiza: kila mgonjwa akiambukiza chini ya mtu mmoja ugonjwa unaisha, akipita mmoja unaenea. Tangu 1883 hadi 2011 ni miaka 128, kwa kutafuta nambari moja ya paipu.

Si adui kila pahali

Tusimtukane msukosuko bila kumshukuru. Ukitia dawa ya klorini tangini, katika maji yaliyotulia itakaa pahali pamoja kwa muda mrefu. Koroga kwa nguvu, halafu ungoje nusu saa. Kwa tangi la kutulizia tope ni kinyume: maji yaingie pole pole kwa njia pana, yasiruke kutoka juu, maana viringo vidogo huinua tena tope lililokwisha kuanguka. Tumeona matangi mazuri ya saruji yakitoa maji mekundu kwa sababu tu ya paipu ya kuingilia iliyoelekezwa vibaya.

Hata mwilini nambari hii iko. Mama mjamzito aliyepungukiwa damu sana, damu yake ina mnato kidogo na moyo wake unaisukuma kwa kasi zaidi. Nambari inapanda, na muuguzi akiweka kifaa chake kifuani mara nyingine husikia mvumo. Mara nyingi mvumo wa namna hiyo huondoka damu ikirudi, lakini kuamua hilo ni kazi ya zahanati, si yetu.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao

Chukueni mtungi wa lita 20 na saa yenye mshale wa sekunde. Tangi likiwa limejaa, fungueni mfereji wa kioski hadi mwisho na mpime mtungi unajaa kwa dakika ngapi. Kama paipu yenu ni ya inchi moja, gawanyeni 17,000 kwa dakika hizo. Mtapata nambari yenu ya Reynolds. Kwa mfano, mtungi ukijaa kwa dakika mbili nambari ni 8,500. Mwekahazina aiandike katika kitabu cha kikundi pamoja na tarehe, dakika zenyewe, na kimo cha maji tangini, mbele ya wanachama wote.

Rudieni kipimo hicho kila mwezi. Kama dakika ni zile zile, na bado maji hayatoshi, basi mwizi ni yule tuliyemsoma leo, na mkutano ujadili upana wa paipu. Lakini kama mtungi uliojaa kwa dakika moja sasa unachukua dakika mbili, na tangi limejaa vile vile, hapo hesabu haina habari. Vaeni viatu, mtembee kando ya paipu kutoka tangini hadi kioskini, mtazame penye majani mabichi wakati wa kiangazi.